Pigou: Profesa aliyetaka anayechafua hewa alipie moshi wake

MWENYE matatu anayejaza tangi mjini Nakuru hulipa ada ya barabara kwa kila lita ya mafuta anayonunua. Mkulima anayenunua dizeli ya trekta hulipa pia, ingawa trekta lake hukanyaga lami mara chache sana. Mnamo Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita.

Ndege kubwa inayopaa jijini Nairobi kuelekea Ulaya hubeba makumi ya maelfu ya lita za mafuta. Kwa kawaida mafuta hayo ya safari za kimataifa hayatozwi ushuru wowote.

Tofauti hiyo kati ya trekta na ndege ndiyo inayofanya jina la Arthur Cecil Pigou kuzidi kutajwa katika mikutano ya mazingira, ingawa alifariki mnamo 1959. Alikuwa profesa wa uchumi nchini Uingereza, na ndiye aliyefafanua kwa utaratibu kwa nini mtu anayewatwika wengine hasara anafaa kuilipia. Hadi leo wanauchumi huita kodi ya aina hiyo kwa jina lake.

Pigou alizaliwa Novemba 18, 1877 katika mji wa Ryde, kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Ukoo wa baba ulitokana na Waprotestanti wa Ufaransa waliohamia Uingereza wakikimbia mateso ya kidini.

Alisomea Harrow, mojawapo ya shule za matajiri wa nchi hiyo, na akawa kiranja mkuu. Kutoka hapo alijiunga na chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakwenda kusomea uchumi. Alisoma historia, akapita kwa daraja la kwanza mnamo 1899, akashinda nishani ya utunzi wa mashairi na kuchaguliwa rais wa chama cha midahalo cha wanafunzi.

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mnamo 1901, hakikuhusu fedha hata kidogo. Kilihusu mafundisho ya dini katika kazi za mshairi Robert Browning. Si mwanzo ambao mtu angeutarajia kwa msomi ambaye angekuja kujulikana kwa sababu ya kodi.

Aliyemvuta kwenye uchumi ni Profesa Alfred Marshall, mwalimu mkuu wa somo hilo wakati huo. Marshall aliwataka wanafunzi wake waende kuona jinsi watu maskini wanavyoishi kabla ya kuandika lolote kuhusu mali. Pigou alilishika funzo hilo.

Mnamo 1903 mwanasiasa Joseph Chamberlain alianza kampeni ya kutaka bidhaa za kutoka nje ya himaya ya Uingereza, chakula kikiwemo, zitozwe ushuru. Pigou, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alijitosa katika mjadala huo na kuandika dhidi ya mpango huo. Hoja ilikuwa rahisi: ushuru wa ngano huishia kwenye mkate, na anayetumia sehemu kubwa ya mapato yake kununua mkate ni maskini. Kumbe mtu huyu anayekumbukwa kwa kupendekeza kodi alianza kwa kuipinga mojawapo.

Mnamo Mei 1908 Marshall alistaafu. Wengi walidhani kiti chake kingemwendea Herbert Foxwell, msomi mkongwe aliyekaribia miaka 60. Badala yake alichaguliwa Pigou, kijana wa miaka 30, naye Marshall alimuunga mkono waziwazi. Foxwell hakuusahau uamuzi huo. Pigou naye alikikalia kiti hicho kwa miaka 35, hadi 1943.

Mojawapo ya mambo ya kwanza aliyofanya ni kutoa pauni 100 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake ili chuo kiweze kumlipa mhadhiri chipukizi. Kijana huyo aliitwa John Maynard Keynes. Tutamkuta tena mbele.

Nguo za Manchester

Mnamo 1912 Pigou alichapisha kitabu kuhusu mali na ustawi wa watu, na mnamo 1920 akakipanua kuwa kitabu kikubwa kilichoitwa The Economics of Welfare. Ndani yake mna jambo ambalo mfanyabiashara yeyote anaweza kulielewa bila kwenda chuoni.

Mwenye kiwanda anapopiga hesabu, huandika bei ya makaa ya mawe, mishahara, kodi ya jengo na riba ya benki. Hizo ni gharama zake. Lakini bomba la kiwanda hutoa moshi, na moshi huo una gharama pia. Ni vile tu bili yake hupelekwa kwa mtu mwingine. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Pigou hakutosheka kulisema hilo kwa maneno matupu. Alitumia uchunguzi uliofanywa mnamo 1918 mjini Manchester, jiji la viwanda vya nguo ambako masizi yalitanda mwaka mzima. Wachunguzi walilinganisha gharama ya kufua nguo katika nyumba za wafanyakazi mjini humo na katika mji wa Harrogate, ambao hewa yake ilikuwa safi.

Ilibainika kuwa wakazi wa Manchester, takriban watu 750,000, walikuwa wakipoteza zaidi ya pauni 290,000 kila mwaka kwa sababu ya sabuni na makaa ya ziada ya kufulia. Hapo kazi ya mikono ya akina mama haikuhesabiwa hata kidogo, wala magonjwa ya kifua, wala kuta na mimea iliyoharibika.

Hakuna kiwanda kilichokuwa na pauni hizo 290,000 katika daftari lake. Kwa hivyo kitambaa cha Manchester kilionekana kuwa cha bei rahisi kuliko kilivyokuwa kwa kweli, na kwa kuwa kilionekana rahisi, kikatengenezwa kwa wingi kupita kiasi. Hiyo ndiyo sehemu ya hoja ambayo husahaulika. Pigou hakuwa akilalamikia dhuluma tu. Alikuwa akisema kwamba bei inapoficha gharama, biashara nzima hukosea hesabu: nchi huzalisha bidhaa moja kwa wingi mno na nyingine kwa uchache mno.

Dawa aliyopendekeza ni serikali kutoza kodi inayolingana na hasara ile. Mwenye kiwanda akiona kodi hiyo kwenye daftari lake, atatafuta mwenyewe njia ya kupunguza moshi: atanunua tanuri bora, atabadilisha makaa, au atazalisha kidogo. Serikali haina haja ya kumwelekeza jinsi ya kuendesha kiwanda chake.

Upande wa pili wa sarafu aliutaja pia. Kuna kazi ambazo faida yake humwagikia majirani bila mwenye kazi kulipwa. Anayepanda msitu hunufaisha hali ya hewa hata nje ya mpaka wa shamba lake, na anayetundika taa mlangoni huwaangazia wapita njia. Watu kama hao, alisema, wanafaa kupewa ruzuku. Wakulima wa sasa wanaolipwa kwa kupanda miti chini ya miradi ya kuuza kaboni wanapokea, kwa njia moja au nyingine, malipo ambayo Pigou aliyatetea zaidi ya karne moja iliyopita.

Shamba la kukodi

Wakulima wangefurahia zaidi kurasa zake kuhusu mashamba ya kukodi. Wakati huo sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo nchini Uingereza ilikuwa mikononi mwa wenye ardhi wakubwa, nao wakulima walikuwa wapangaji.

Pigou alieleza jambo ambalo kila aliyewahi kukodisha shamba amelishuhudia. Mpangaji anayejua kuwa mkataba wake unakaribia kwisha hatii mbolea, hachimbi mitaro wala hatengenezi ua. Hukamua udongo kadiri awezavyo kisha huondoka. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni kwamba faida ya mbolea atakayoiweka leo itavunwa na mwingine.

Suluhisho, kwa maoni yake, halikuwa kumhubiria mpangaji. Lilikuwa kubadilisha mkataba na sheria ili anayeondoka alipwe fidia ya uboreshaji ambao bado haujamalizika kutumika. Uingereza ilikuwa imeanza kupitisha sheria za aina hiyo katika karne ya 19, naye alitaka ziende mbali zaidi.

Alitoa pia mfano wa cheche za garimoshi zilizokuwa zikichoma misitu kando ya reli bila mwenye msitu kufidiwa, na wa wanyama waliofugwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri wakaingia na kula mimea ya jirani. Mkulima anayepakana na mbuga ya wanyama nchini Kenya au Tanzania hahitaji kufafanuliwa mfano huo.

Kuhusu magari, alikuwa na kielelezo cha moja kwa moja. Mnamo 1909 serikali ya Uingereza ilianza kutoza senti tatu za wakati huo kwa kila galoni ya petroli, pamoja na ada ya leseni ya magari, fedha hizo zikienda kutengeneza barabara ambazo magari yenyewe yalikuwa yakizichimba. Pigou aliitaja kodi hiyo kama mfano wa kanuni yake ikifanya kazi. Ada ya barabara inayolipwa leo katika vituo vya mafuta vya Afrika Mashariki ni ya jamii hiyo hiyo.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kuiamini serikali kwa macho yaliyofumbwa. Aliandika wazi kuwa maafisa wa umma wanaweza kuwa wajinga wa jambo wanalolisimamia, wanaweza kusukumwa na makundi yenye nguvu, na wanaweza kula rushwa. Kwa hivyo kuwepo kwa hasara si sababu tosha ya kutoza kodi. Ni lazima kwanza ijulikane kama atakayeitoza ataweza kuifanya kazi hiyo. Wanaomsifu na wanaomlaumu mara nyingi huruka kurasa hizo.

Jambo jingine alilolisisitiza ni mgao wa mapato. Kwa Pigou, shilingi moja mkononi mwa maskini huleta ustawi mkubwa kuliko shilingi hiyo hiyo mkononi mwa tajiri. Mradi uzalishaji wa nchi usipungue, kuhamisha sehemu ya mapato kutoka juu kwenda chini huongeza ustawi wa jumla. Mambo haya mawili, kulipia hasara na kutazama nani anaumia, yalikaa katika kitabu kimoja. Baada yake yalitenganishwa, na kodi nyingi za mazingira zilizofeli zilifeli kwa sababu ya utengano huo.

Vita na milima

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mnamo 1914, Pigou hakutaka kubeba bunduki. Lakini hakukaa Cambridge akinywa chai. Kila likizo ya chuo ilipofika alikwenda kujiunga na kikosi cha ambulansi kilichoanzishwa na Wakristo wa madhehebu ya Quaker, akawabeba majeruhi katika uwanja wa vita nchini Ufaransa, Ubelgiji na baadaye Italia.

Waliomjua walisema hakurudi akiwa yule yule. Yule msemaji mcheshi wa midahalo alikuwa mtu wa kujitenga, asiyependa karamu wala mikutano. Hakuoa. Alivaa nguo kuukuu hadi zikawa gumzo chuoni, naye hakujali.

Furaha yake ilikuwa milimani. Alikwea milima ya Alps, na alikuwa na nyumba karibu na ziwa Buttermere, kaskazini mwa Uingereza, ambako aliwaalika wanafunzi na marafiki kupanda majabali pamoja naye. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipata ugonjwa wa moyo uliompunguzia safari hizo. Hewa safi, kwa hivyo, haikuwa nadharia tu kwake.

Serikali ilimtumia katika kamati kadhaa. Alikuwa kwenye tume ya kodi ya mapato ya 1919 hadi 1920, na kwenye kamati ambayo ushauri wake uliirudisha Uingereza kwenye sarafu ya dhahabu mnamo 1925. Hatua hiyo ya pili iliwaumiza wauzaji bidhaa nje na wachimba makaa, na nchi iliiacha mnamo 1931. Si ukurasa mzuri katika maisha yake.

Kisha akaja Keynes, yule kijana wa pauni 100. Mnamo 1936, dunia ikiwa bado haijajinasua kutoka kwa mdororo mkuu wa uchumi, Keynes alitoa kitabu kilichobadilisha somo lote, na humo akamchagua Pigou kuwa mfano wa mawazo yaliyopitwa na wakati kuhusu ukosefu wa kazi. Pigou aliumia, akajibu kwa ukali mwaka huo huo.

Lakini hakuiweka chuki hiyo hadi kaburini. Keynes alifariki mnamo 1946. Miaka michache baadaye Pigou alitoa mihadhara Cambridge, iliyochapishwa mnamo 1950, akikiri kwamba mwenzake alikuwa ameona jambo kubwa ambalo yeye hakuwa amelitambua alipokisoma kitabu kile mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Si maprofesa wengi wanaofanya hivyo.

Mwaka wa moshi na wa ndege

Mwaka 1952 una mambo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. Mnamo Mei, shirika la ndege la Uingereza la BOAC lilianzisha safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti yenye ratiba. Haikwenda Marekani, ilikuja Afrika: kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani.

Mnamo Desemba mwaka huo huo, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ulilifunika jiji la London kwa siku tano. Hesabu za mwanzo zilionyesha kuwa watu wapatao 4,000 walikufa, na uchunguzi wa miaka ya baadaye ulisema huenda walifika 12,000. Mnamo 1956 Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi. Sheria hiyo haikutumia kodi aliyoipendekeza Pigou. Ilipiga marufuku moshi mweusi na kutenga maeneo yasiyoruhusiwa kuchoma makaa ya kawaida.

Pigou alifariki mjini Cambridge mnamo Machi 7, 1959, miezi mitano tu baada ya jeti za abiria kuanza kuvuka bahari ya Atlantiki. Mwaka uliofuata, mwanauchumi Ronald Coase alichapisha makala yaliyomkosoa vikali, akisema mara nyingi majirani wanaweza kuelewana wenyewe kuhusu cheche za garimoshi bila kodi, mradi haki zao ziwe wazi na mapatano yasiwe na gharama kubwa. Kwa majirani wawili hoja hiyo ina uzito. Kwa abiria mabilioni kwa upande mmoja na wafugaji wa Turkana kwa upande mwingine, haiwezekani kuwakalisha mezani.

Ndege ziliponyoka kodi mapema. Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, ulikataza nchi kutoza ushuru mafuta yaliyomo ndani ya ndege inapowasili kutoka nje. Mikataba ya nchi mbili mbili iliyofuata ikaupanua msamaha huo hadi kwenye mafuta yanayojazwa uwanjani. Wakati huo nia ilikuwa kuikuza sekta changa. Sekta hiyo sasa hutoa takriban asilimia 2.5 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu, na msamaha bado upo.

Kwa kuwa mafuta hayaguswi, nchi kadhaa ziligeukia tiketi. Uingereza ilianza kumtoza kila abiria mnamo 1994, pauni 5 kwa safari za Ulaya na pauni 10 kwa kwingineko. Ufaransa ilianza mnamo 2006, sehemu ya fedha zake ikienda kwa shirika la Unitaid linalosaidia kupatikana kwa dawa za Ukimwi, kifua kikuu na malaria katika nchi maskini.

Hapa ndipo lile suala la Pigou la nani anaumia linaporudi. Watafiti Stefan Gössling na Andreas Humpe walikadiria mnamo 2020 kwamba ni asilimia 11 tu ya watu duniani waliosafiri kwa ndege mwaka 2018, na kwamba asilimia moja ya watu wote ndio waliosababisha nusu ya gesi ya kaboni kutoka kwa ndege za abiria. Nchini Uingereza kwenyewe, takwimu za 2014 zilionyesha kuwa asilimia 15 ya watu walichukua asilimia 70 ya safari zote.

Ushuru ulio sawa kwa kila tiketi humtoza familia anayekwenda likizo mara moja kwa mwaka kiasi kile kile kwa safari anachotozwa tajiri anayeruka kila wiki. Wa kwanza huenda akaghairi safari. Wa pili hata haoni.

Ndipo mnamo 2015 wanaharakati wa Uingereza wakapendekeza ushuru unaopanda ngazi: safari ya kwanza ya kwenda na kurudi katika mwaka isitozwe, ya pili itozwe kidogo, ya tatu zaidi, na kuendelea. Mnamo 2020 baraza la raia wa kawaida waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kujadili tabianchi nchini humo liliunga mkono kodi inayopanda kadiri mtu anavyoruka mara nyingi na mbali zaidi. Asilimia 80 ya wanachama walikubali. Serikali haikuitekeleza.

Pigou angeuliza maswali mawili matatu. Kuhesabu safari si sawa na kuhesabu moshi. Anayekwenda mara nne kutoka London hadi Paris huenda akachafua hewa kidogo kuliko anayekwenda Nairobi mara moja. Na kiti cha daraja la biashara, kwa nafasi kinachochukua, hubeba moshi mara tatu hivi ya kiti cha kawaida.

Kuna pia mfanyabiashara wa Eastleigh au Kariakoo anayepanda ndege mara tano kwa mwaka kwenda Dubai au Guangzhou kununua mali, akikaa kiti cha nyuma na kurudi na mizigo. Ushuru wa kuhesabu safari pekee ungemweka kundi moja na mwenye ndege ya kibinafsi. Wapo pia wakulima wa maua na mboga wa Kenya, ambao mazao yao husafiri kwa ndege.

Mnamo 2007 baadhi ya maduka makubwa ya Uingereza yalibandika alama ya ndege kwenye mazao hayo kuwatahadharisha wanunuzi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Cranfield mwaka huo huo ulipata kwamba maua ya waridi 12,000 ya Kenya, hata baada ya kusafirishwa kwa ndege, yalisababisha takriban tani 6 za gesi ya kaboni, ilhali idadi sawa ya maua ya Uholanzi yalisababisha tani 35 kwa sababu ya kupasha joto na kuangaza vibanda vya kukuzia. Alama ile ilihesabu umbali. Pigou alitaka hasara ndiyo ihesabiwe.

Kenya yenyewe imo katika mjadala huu. Azimio la Nairobi, lililopitishwa na viongozi wa Afrika mnamo Septemba 2023, liliitaka dunia ifikirie kodi ya kaboni itakayogusa pia usafiri wa baharini na wa anga. Mwishoni mwa mwaka huo Kenya, Ufaransa na Barbados zikaongoza kikosi cha kuchunguza tozo za aina hiyo.

Mnamo Juni 30, 2025, katika mkutano wa fedha za maendeleo mjini Seville, Uhispania, nchi hizo tatu pamoja na nyingine, zikiwemo Uhispania, Benin, Sierra Leone na Somalia, zilitangaza muungano wa kuwatoza abiria wa daraja la kwanza na la biashara pamoja na wanaosafiri kwa ndege za kibinafsi. Kiti cha nyuma hakikulengwa. Kila nchi iliachiwa kuamua kiwango chake na sheria ya kukitoza, na fedha zitakazopatikana zimekusudiwa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi.